Uvimbe tumboni, kifo kifuani: namna ya kuisoma ripoti ya uchunguzi wa maiti

Swali. Msomaji kutoka wilaya ya Muheza, mkoani Tanga, ameandika hivi:

"Daktari, dada yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 41, alifariki ghafla alfajiri alipoinuka kitandani kwenda msalani. Tumbo lake lilikuwa likikua kwa takriban miaka miwili. Wapo waliosema ni chango, wapo waliosema ni mimba iliyojificha mgongoni, na mwaka jana alipopigwa ultrasaundi aliambiwa ana uvimbe kwenye ovari, akaandikiwa rufaa ambayo hakwenda. Wiki mbili kabla ya kifo mguu wake wa kushoto ulivimba, na mama akawa anamkanda kila jioni kwa maji ya moto na mafuta ya nyonyo. Shemeji yetu ana mke wa pili, na baadhi ya ndugu walipoona povu mdomoni mwa marehemu walisema amelishwa sumu, ndipo polisi wakaagiza mwili ufanyiwe uchunguzi. Ripoti ya awali imeandika mistari mitatu: bonge la damu kwenye ateri ya mapafu, kuganda kwa damu kwenye vena za ndani za mguu wa kushoto, uvimbe mkubwa wa ovari ya kulia, kilo 11, sentimita 34 kwa 28 kwa 22. Imesema kifo ni cha asili na kwamba majibu ya histolojia, yaani uchunguzi wa vipande vya mwili kwa hadubini, yanasubiriwa. Hatuelewi. Uvimbe ulikuwa tumboni, lakini kilichomshinda ni pumzi. Je, sumu imekanushwa kweli? Je, mume anaweza kushtakiwa kwa kutompeleka hospitali? Angepasuliwa angepona? Mama anajilaumu kwa kumkanda. Na mimi na binti wa marehemu, mwenye miaka 19, tupimwe nini?"

Jibu. Dada yangu, poleni sana kwa msiba. Maswali yako ni mengi na kila moja lina uzito wake, lakini yote yanarudi kwenye karatasi ile moja, kwa hiyo niruhusu nianze kwa kukuonyesha namna ya kuisoma.

Mistari ile mitatu si orodha ya magonjwa matatu yaliyokutana kwa bahati mbaya ndani ya mwili mmoja. Ni mnyororo, na umepangwa kwa utaratibu ambao Shirika la Afya Duniani limeuweka kwa ajili ya vyeti vya vifo: mstari wa juu hubeba jambo lililomuua mtu katika dakika zake za mwisho, mstari unaofuata hubeba kilicholeta jambo hilo, na mstari wa chini kabisa hubeba chanzo, yaani kile ambacho kama kisingekuwepo yote yaliyoandikwa juu yake yasingetokea. Ripoti ya namna hiyo husomwa kuanzia chini kwenda juu. Uvimbe wa ovari uliifanya damu igande mguuni, na damu iliyoganda iling'oka ikaenda kuziba njia ya mapafu. Nimewahi kushika ripoti nyingi zilizoandikwa mstari mmoja tu, "moyo kusimama", nazo huniudhi, kwa sababu kila anayekufa moyo wake husimama, na familia inayokabidhiwa maneno hayo inakuwa haikuambiwa lolote. Aliyeandika ripoti ya dada yenu hakufanya hivyo.

Sasa tuutazame mstari wa chini. Ovari ya mwanamke wa umri ule haizidi sana ukubwa wa kungu. Iliyotolewa kwa marehemu ilikuwa na uzito wa mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja. Uvimbe wa kiasi hicho hauwezi kukaa kwenye nyonga. Hupanda, hujaza tumbo, huusukuma utumbo pembeni na kukiinua kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, ndiyo maana mgonjwa hushiba kwa matonge matatu na hupumua kwa shida akilala chali. Lakini ulipo mgandamizo wa hatari zaidi ni mahali asipopaona mtu yeyote, nyuma kabisa, mbele ya uti wa mgongo, ambako hupita vena zinazorudisha damu kutoka miguuni. Ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, zina kuta nene na msukumo wa moyo nyuma yake, hivyo hazibanwi kwa urahisi. Vena zina kuta laini, na damu yake hupanda polepole kwa kusaidiwa na kukaza na kulegea kwa misuli ya mashavu ya miguu mtu anapotembea. Ukiziwekea mzigo wa kilo 11 juu yake, na mwenye mzigo huo akawa hatembei tena kama zamani kwa sababu ya uzito, damu hutuama.

Mjerumani Rudolf Virchow, ambaye ndiye aliyeipa patholojia, yaani elimu ya namna ugonjwa unavyoubadilisha mwili, sura tunayoijua leo, alieleza mwaka 1856 mambo ambayo hadi sasa tunayafundisha kama nguzo tatu za kuganda kwa damu ndani ya mishipa: damu kutuama, ukuta wa mshipa kudhurika, na damu yenyewe kuganda kwa urahisi kuliko kawaida. Kabla ya hapo alikuwa amefanya jaribio la kutia vipande vya mpira kwenye vena za shingo za mbwa, na baadaye akavikuta kwenye mapafu. Hapo ndipo ilipothibitika kwamba bonge linaloonekana kwenye mapafu linaweza kuwa msafiri tu, na makazi yake ya asili yakawa mbali. Nguzo ya kwanza kwa marehemu haina ubishi. Ya tatu inategemea aina ya uvimbe, kwa maana saratani, hasa baadhi ya saratani za ovari, humwaga kwenye damu vitu vinavyoichochea igande. Jambo hili lilisomeshwa na daktari Mfaransa Armand Trousseau mwaka 1865, naye alipoona mshipa wake mwenyewe umeganda alijua ana saratani, na mwaka 1867 alifariki kwa saratani ya tumbo. Lakini uvimbe usio saratani nao, ukiwa mkubwa kiasi hiki, unaweza kutosha kwa mgandamizo peke yake.

Huenda pia unajiuliza, ingawa hukuliandika, kwa nini mguu wa kushoto ilhali ovari iliyovimba ni ya kulia. Kwa watu wote, ateri inayokwenda mguu wa kulia hupita juu ya vena inayotoka mguu wa kushoto na kuibana kidogo dhidi ya mfupa wa mgongo. Huo ni udhaifu wa maumbile, na ndiyo sababu damu huganda mguu wa kushoto mara nyingi zaidi kuliko wa kulia. Uvimbe unaojaza tumbo zima hauchagui upande. Hukandamiza kote, na palipokwisha kubanwa ndipo panapoziba kwanza.

Kuhusu kifo chenyewe, yaani namna mtu aliyezungumza usiku anavyoweza kufa alfajiri ndani ya dakika chache, fikiria kwamba damu yote ya mwili, kabla ya kusambazwa tena, hulazimika kupita kwenye shina moja la ateri linalogawanyika kwenda pafu la kulia na la kushoto. Bonge refu lililotoka pajani hufika hapo likiwa limejikunja na kukaa juu ya njia panda, mguu mmoja huku na mmoja kule, kama mtu aliyepanda punda. Upande wa kulia wa moyo, unaosukuma damu kwenda mapafuni, una ukuta mwembamba wa milimita 3 hadi 5 tu, kwa sababu kazi yake ya kila siku ni nyepesi; upande wa kushoto huzidi milimita 10. Ukuta huo mwembamba ukikutana ghafla na njia iliyoziba kwa zaidi ya nusu, hutanuka na kushindwa. Mgonjwa huona pumzi imekatika, hutokwa jasho, huanguka. Kwamba ilitokea wakati wa kuinuka kwenda msalani ni jambo tunalolisikia tena na tena katika maelezo ya familia: mtu amelala usiku kucha, damu imetuama, anasimama, misuli ya mguu inakaza kwa mara ya kwanza baada ya saa nyingi, na wakati mwingine anajikamua, na bonge hung'oka.

Hayo ni maelezo ya jinsi inavyoweza kuwa. Kazi ya mchunguzi ni kuthibitisha kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa mwili huu, na hapa ndipo ningependa mfahamu kilichofanyika ndani ya mochwari, kwa sababu familia nyingi hudhani daktari hufungua mwili, huona uvimbe mkubwa, na kuandika uvimbe.

Kwanza, anayeshuku bonge la mapafu hawezi kuutoa moyo na mapafu kisha akavitazama mezani, kwa sababu bonge linaweza kuteleza na kupotea wakati wa kukata. Ateri ya mapafu hufunguliwa ikiwa bado mahali pake, ndani ya kifua, kabla ya kitu chochote kutolewa. Pili, lazima atofautishe damu iliyoganda mtu akiwa hai na ile iliyoganda baada ya kufa, maana damu ya karibu kila maiti huganda kwa kiasi fulani. Iliyoganda baada ya kifo ni laini, inang'aa, inanyumbuka kama jeli, mara nyingi ina rangi mbili, chini nyekundu iliyoiva na juu manjano kama mafuta ya kuku yaliyopoa, na hufuata umbo la mshipa ilimolala. Bonge la mtu aliye hai ni kavu, gumu kiasi, hukatika likikunjwa, na umbo lake ni la mshipa mwingine: ni jembamba na refu kama vena ya paja, limejikunja ndani ya ateri pana, pengine likiwa bado na alama za matawi ya vena lilikotoka. Likikatwa huonyesha mistari myeupe na myekundu inayopokezana, inayoitwa mistari ya Zahn, ambayo hujengeka pale tu ambapo damu bado inatembea. Maiti haina damu inayotembea.

Tatu, hutafuta lilikotoka bonge hilo. Miguu yote miwili hupimwa mzingo kwa utepe, mahali palepale chini ya goti, na tofauti ya zaidi ya sentimita 3 ni ushahidi tosha wa kuendelea. Kisha misuli ya shavu la mguu hupasuliwa kwa nyuma, kazi ambayo baadhi ya wachunguzi huiruka kwa kuona haya kuukata mguu wa maiti mbele ya jamaa waliomleta. Ndani ya vena za mguu hubaki mabaki ya bonge yaliyoshikamana na ukuta, na kipande chake kikiwekwa chini ya hadubini huonyesha umri: palipo na chembe mpya za kovu na mishipa midogo inayoanza kuota kutoka ukutani kuingia ndani ya bonge, tunajua damu ile ilikwisha kuganda siku kadhaa au wiki kabla ya kifo. Nitalirudia jambo hili la umri nitakapofika kwa mama yenu.

Nne, uvimbe wenyewe hupimwa, hupigwa picha, na hukaguliwa kama umepasuka, umejinyonga kwenye shina lake, umevuja damu, au umejishika na utumbo, kwa sababu kila mojawapo ya hayo ni njia nyingine ya kufa ghafla. Nitayagusa kwa ufupi tu. Uvimbe uliopasuka ukamwaga damu tumboni huua kwa kuishiwa damu, na kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa lazima kwanza mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi iondolewe kwenye hesabu. Uliojinyonga huoza na kuleta maambukizi ya damu. Upo pia uvimbe wa teratoma, unaojengwa na chembe za yai, ambao ukifunguliwa hukutwa na nywele, mafuta na hata meno. Nimeona wahudumu wa mochwari wakirudi nyuma hatua mbili kwa kuamini wameona uchawi. Ni uvimbe wa kawaida kabisa, na mara nyingi si saratani, lakini najua ni familia ngapi zimegawanyika kwa sababu ya nywele hizo. Kumtaja jirani au mke mwenza kuwa mchawi kwa ajili yake ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, Sura ya 18.

Sasa sumu. Povu mliloliona si ushahidi wa sumu. Povu hutokea pale maji na hewa vinapochanganyika kwenye njia ya pumzi, nalo huonekana kwa waliozama, kwa waliokufa kwa moyo kujaa, kwa wenye kifafa, na naam, kwa waliokunywa dawa ya kuulia wadudu. Saa kadhaa baadaye, hasa katika joto la Tanga, majimaji ya kuoza nayo hutoka puani na mdomoni na kuwatisha wanaoosha maiti. Mchunguzi anayetafuta sumu ya viuatilifu hutazama zaidi ya povu: harufu ya yaliyomo tumboni, rangi yake, mboni za macho, hali ya utando wa koo na tumbo.

Hata hivyo ninyi mna haki ya kuuliza swali gumu zaidi, yaani kama mtu hawezi kuwa na uvimbe wa kilo 11 na hapohapo akawa amelishwa sumu. Anaweza. Mgonjwa anaweza kuuawa kama mzima, na mchunguzi anayeacha kutafuta mara anapopata jibu la kwanza si mchunguzi mzuri. Ndiyo maana katika kifo chenye tuhuma huchukuliwa sampuli hata kama sababu ya kifo imeonekana wazi: damu kutoka mshipa wa paja na si kutoka moyoni, kwa sababu baada ya kifo kemikali husambaa kutoka tumboni na kuichafua damu ya kifuani, kwa dada yenu ilipasa kuwa paja la kulia, maana la kushoto lilikuwa limeziba. Huchukuliwa pia mkojo, kipande cha ini, na yaliyomo tumboni. Hivi haviwekwi kwenye fomalini, inayotumika kwa vipande vya histolojia, kwa kuwa fomalini huharibu kipimo. Hufungwa kwa lakiri, huandikwa majina ya kila aliyevipokea na kuvikabidhi, na polisi huvipeleka kwenye Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mpelelezi wenu ni fupi: je, sampuli za sumu zilichukuliwa na kupelekwa? Kama ndiyo, ngojeni jibu, na ripoti ya mwisho italitaja. Kama hazikuchukuliwa, bado mnaweza kupeleka malalamiko yenu kwa maandishi, lakini nawaambia maoni yangu bila kuzunguka: penye bonge la zamani mguuni, bonge la umbo lilelile mapafuni, na moyo uliotanuka upande wa kulia, maelezo ya kifo yamekamilika, na sioni sababu ya kuomba amri ya kulifukua kaburi kwa ajili ya povu.

Mume na sheria. Kifo kuandikwa "cha asili" maana yake ni kwamba ugonjwa ndio uliomuua, si mkono wa mtu, ajali wala yeye mwenyewe. Daktari haandiki nani alaumiwe. Hilo si lake. Uchunguzi wa vifo vya ghafla na vyenye mashaka unaongozwa na Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, na katika kifo cha namna hiyo mwili huchunguzwa kwa amri ya mamlaka, pasipo kusubiri ridhaa ya familia, tofauti na uchunguzi ambao hospitali huuomba kwa ajili ya elimu ya tiba. Najua kwa familia ya Kiislamu inayotaka kuzika siku ileile jambo hili huwa zito, na mchunguzi mwenye adabu huharakisha. Kazi yote huchukua saa chache, na kinachobaki maabara ni vipande vidogo.

Kuhusu kumshtaki mume, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatambua kwamba mtu mwenye dhamana ya mwingine asiyeweza kujisaidia, kwa sababu ya umri, ugonjwa au kufungiwa, ana wajibu wa kumpatia mahitaji ya lazima ya maisha, na kuuacha wajibu huo kunaweza kuwa jinai. Uzito upo kwenye maneno "asiyeweza kujisaidia". Dada yenu alikuwa mtu mzima, mwenye akili timamu, aliyepewa rufaa mkononi mwake. Kama ulikuwepo ushahidi kwamba alizuiwa kwenda kwa nguvu au alifungiwa ndani, basi mwelezeni mpelelezi hayo, kwa kuwa ni ushahidi wa mashahidi na hauwezi kuonekana kwenye meza ya mochwari. Kama alichelewa kwa sababu ya nauli, hofu ya kisu, mashauri ya waganga, au matumaini kwamba tumbo litashuka lenyewe, hapo sioni kesi, na mwanasheria atakayewaahidi kesi atakuwa anakula fedha zenu.

Angepasuliwa angepona? Uvimbe mkubwa wa ovari ulitolewa kwa mafanikio kabla ya kuwepo dawa ya usingizi. Mwezi Desemba 1809, katika mji mdogo wa Danville, Kentucky, Marekani, daktari Ephraim McDowell alimpasua Jane Todd Crawford, mwanamke aliyesafiri kwa farasi takriban kilomita 100 akidhaniwa awali kuwa mjamzito, akamtoa uvimbe wa takriban kilo 10, karibu sawa na wa dada yenu, kwa muda wa dakika 25. Aliishi hadi 1842. Leo upasuaji huo ni wa kawaida katika hospitali za rufaa, na kama ungefanyika pale ultrasaundi ilipouonyesha uvimbe, naamini uwezekano wake wa kuishi ungekuwa mkubwa kwa mbali. Sitakuambia vinginevyo ili kukufariji. Lakini baada ya mguu kuvimba mambo yalikuwa yamebadilika: mgonjwa mwenye damu iliyoganda mguuni hapelekwi moja kwa moja kwenye kisu, huanza kwanza dawa za kuzuia damu isigande zaidi, na wengine hufa katika siku hizo hizo, hospitalini, madaktari wakiwa pembeni.

Nije kwa mama yenu. Ni kweli kwamba mguu uliovimba ghafla upande mmoja haufai kukandwa, kwa kuwa kukandwa kunaweza kung'oa bonge, na yapo matukio ya aina hiyo yaliyoandikwa na madaktari. Nisingelificha hilo, kwa sababu wapo watakaosoma hapa wakiwa na mgonjwa ndani. Lakini kati ya kusema kwamba jambo linaweza kutokea na kusema kwamba lilitokea kwa mtu fulani ipo hatua ambayo ushahidi lazima uivuke, na hapa hauvuki. Damu iliganda kwa sababu ya uvimbe wa ovari, kabla mama hajagusa mguu. Uvimbe wa mguu ndio uliomfanya aanze kukanda. Mabaki ya bonge kwenye vena, yakishasomwa kwa hadubini, yataonyesha umri huo. Aidha, marehemu hakuanguka jioni akikandwa, alianguka alfajiri akisimama, saa nyingi baadaye, kwa tendo ambalo angelifanya hata kama asingekandwa kamwe. Hakuna mchunguzi anayeweza kusimama mahakamani na kusema kiganja cha mama ndicho kilichong'oa bonge lile. Mwambie hivyo, na kama hataki kulisikia kutoka kwako, mpeleke kwa daktari aliyefanya uchunguzi amwambie yeye.

Mwisho ni wewe na binti. Usikubali kuuziwa kipimo cha damu cha CA-125 eti "kuangalia ovari" wakati huna dalili yoyote. Utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza kwa wanawake zaidi ya 200,000, ambao matokeo yake ya mwisho yalichapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba kuwapima wanawake wasio na dalili kwa CA-125 na ultrasaundi hakukupunguza vifo vya saratani ya ovari. Mwenye dalili ni habari nyingine: tumbo kujaa, kushiba haraka, maumivu ya nyonga, au kukojoa mara kwa mara, vikiwa vipya kwako na vikitokea zaidi ya siku 12 kwa mwezi, vinataka ultrasaundi bila kungojea. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, nenda hospitali siku ileile.

Kuhusu kurithi, jibu lipo kwenye histolojia mnayoingoja, na huenda ikachelewa kwa sababu ya msingi: uvimbe wa sentimita 34 hauwezi kuamuliwa kwa kipande kimoja, maana sehemu moja inaweza kuwa salama na nyingine ikawa saratani, hivyo kanuni ya kazi ni kuchukua angalau kipande kimoja kwa kila sentimita ya urefu wake. Fuatilia kwa namba ya sampuli iliyoandikwa kwenye ripoti. Likirudi jibu la sistadenoma, yaani uvimbe wa majimaji au ute usio saratani, ambao ndio mara nyingi hufikia ukubwa wa namna hii, wewe na binti hamna hatari ya kurithi inayowahitaji kupimwa. Likirudi karsinoma ya sirasi ya daraja la juu, yaani aina kali ya saratani ya ovari, chukua nakala uende nayo kwenye kliniki ya saratani, Taasisi ya Saratani Ocean Road au hospitali ya rufaa iliyo karibu nanyi, uulizie kipimo cha BRCA1 na BRCA2, yaani jeni ambazo zikiwa na kasoro ya kurithi huongeza hatari ya saratani ya matiti na ya ovari, na umweleze daktari habari za ndugu wa pande zote mbili, wa kwa mama na wa kwa baba, waliowahi kuugua saratani ya matiti au ya ovari.